Maumivu ya saratani kwenye mifupa: dozi moja ya mionzi inaweza kutosha

Mgonjwa wa saratani akiambiwa kuwa anahitaji mionzi ili kupunguza maumivu ya mifupa, maswali ya kwanza nyumbani huwa ni haya: atakaa huko siku ngapi, atafikia kwa nani, na fedha zitatoka wapi?

Ni maswali ya haki. Kwa miaka mingi hapa Tanzania tiba ya mionzi ilipatikana Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, pekee, kabla ya Hospitali ya Bugando jijini Mwanza nayo kuanza kuitoa. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Mtu ambaye hata kugeuka kitandani ni shida, safari hiyo kwa basi ni mateso.

Ndiyo maana tunaona jambo hili linafaa kujulikana vijijini: kwa wagonjwa wengi wa aina hii, dozi moja tu ya mionzi hupunguza maumivu sawa na dozi tano au kumi.

Maumivu haya yanatoka wapi?

Saratani ya matiti, ya tezi dume na ya mapafu ni miongoni mwa zile zinazosambaa sana kwenye mifupa, hasa uti wa mgongo, nyonga, mbavu na mapaja. Chembe za saratani huvuruga mfupa na kuudhoofisha. Maumivu mara nyingi huzidi usiku, na mfupa unaweza kuvunjika hata bila kuanguka.

Mionzi ikielekezwa mahali panapouma huua sehemu ya chembe hizo na kutuliza uvimbe, mfupa ukapata nafasi ya kujijenga upya. Mgonjwa hulala chini ya mashine kwa dakika chache na hasikii kuungua. Akirudi nyumbani hana mionzi mwilini, hivyo anaweza kumbeba mjukuu wake bila hofu.

Ushahidi unasema nini?

Mwaka 1999 watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo ya wagonjwa 1,171. Baadhi walipewa dozi moja ya grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi), wengine dozi sita za grei 4. Nafuu ya maumivu ilikuwa sawa. Tafiti nyingine zilizofuata zimeonyesha hivyo hivyo: takriban wagonjwa 6 kati ya 10 hupata nafuu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza dozi moja itumike kwa watu wazima wenye maumivu haya, pale mionzi inapohitajika na inapopatikana.

Tofauti ipo moja. Kati ya wagonjwa 100 waliopata dozi moja, kama 20 huhitaji kurudiwa baadaye, wakati kwa dozi nyingi ni kama 8. Anayeishi mbali anapaswa kuelezwa hilo kabla ya kuamua.

Kwa nini basi dozi nyingi bado hutolewa? Mazoea ni sababu mojawapo. Kuna nchi ambako hospitali hulipwa kwa kila dozi, hivyo siku nyingi ni mapato zaidi. Lakini mionzi hutolewa kwa kawaida Jumatatu hadi Ijumaa, kwa hiyo dozi kumi ni wiki mbili za kulala ugenini. Hata pale bima inapolipia tiba, nauli, chakula na malazi ya msindikizaji vinaweza kubaki mzigo wa familia. Na mgonjwa mmoja akichukua nafasi kumi za mashine, wengine wanasubiri foleni.

Mambo ya kuzingatia

Dozi moja haimfai kila mtu. Mfupa uliovunjika au unaokaribia kuvunjika huenda ukahitaji upasuaji kwanza. Mionzi hii pia haiponyi saratani. Kazi yake ni kumrudishia mgonjwa usingizi na uwezo wa kujisogeza.

Nafuu haiji siku hiyo hiyo. Huchukua wiki moja hadi nne, na siku chache za mwanzo maumivu yanaweza kuongezeka. Dawa za maumivu, ikiwemo mofini ya kunywa, ziendelee kama daktari alivyoagiza.

Mgonjwa akianza kulegea miguu, kufa ganzi au kushindwa kukojoa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa, na kuchelewa kunaweza kumwachia ulemavu wa kudumu.

Kabla ya kusafiri, hakikisheni barua ya rufaa, picha na majibu yote ya vipimo viko mkononi. Kisha muulizeni daktari: "Je, dozi moja inamtosha mgonjwa wetu? Kama haitoshi, ni kwa sababu gani?" Mgonjwa ana haki ya kujibiwa.