Sikio la Oloipiri si Sikio la Kufa

Wahenga walisema kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo humlenga mtu aliyekataa shauri jema, lakini katika vyumba vya tiba imegeuka kisingizio. Mtoto anayetokwa na usaha sikioni kwa miezi sita, mzazi wake huambiwa kwamba akikua utakoma. Bibi asiyesikia huambiwa kwamba ni uzee. Sikio linahukumiwa kufa kabla halijatazamwa. Ukweli ni kwamba masikio mengi yanayopotea nchini hayakuwa ya kufa. Yalikosa mtu wa kuyachungulia kwa wakati. Kwa hiyo kazi ya daktari bingwa wa masikio, pua na koo inapaswa kupimwa kwa umbali ambao ujuzi wake unafika, na kipimo kizuri cha umbali huo ni mahali kama Oloipiri.

Oloipiri ni kata ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, mkoani Arusha. Wakazi wake wengi ni Wamasai wafugaji. Mgonjwa wa huko akihitaji hospitali huelekea Wasso. Akihitaji zaidi ya hapo, safari ya kwenda Arusha kwa njia ya Ziwa Natron na Mto wa Mbu hukaribia kilomita 400. Kipande cha lami cha kilomita 49 kati ya Wasso na Sale kimepunguza adha, lakini sehemu kubwa iliyobaki ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Njia nyingine hupita Serengeti na Ngorongoro hadi Karatu, nayo haina nafuu kwa mama aliyebeba mtoto mgonjwa. Na akifika Arusha, huenda akaelekezwa Moshi, katika Hospitali ya KCMC, au Muhimbili, Dar es Salaam.

Na afikiriwe mtoto wa miaka minne katika boma moja la huko. Alipata mafua, kisha homa, kisha akalia usiku kucha akishika sikio. Siku ya tatu usaha ukatoka, maumivu yakatulia, na nyumba nzima ikashukuru. Hakuna aliyejua kwamba maumivu yalitulia kwa sababu kiwambo cha sikio kimepasuka. Mara nyingi kiwambo hicho hufunga chenyewe. Kisipofunga, na maambukizi yakijirudia, usaha huwa wa kudumu, na usikivu hupungua kidogo kidogo bila mtu kutambua. Moshi wa kuni katika nyumba isiyo na dirisha huongeza mafua ya mara kwa mara, na kila mafua ni nafasi nyingine kwa sikio kuugua.

Miaka mitatu baadaye mtoto huyo anaanza shule. Nyumbani alizungumza Kimaasai. Darasani anakuta Kiswahili. Mwenye masikio mazima hujifunza lugha mpya kwa kuisikia. Yeye husikia nusu ya neno, na nusu nyingine huibuni. Akiitwa haitiki, akiulizwa hujibu jambo jingine. Wenye haraka humwita mkaidi, na kumkumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Malishoni nako hali si salama zaidi: mchungaji huishi kwa masikio yake. Mlio wa kengele shingoni mwa ng'ombe aliyepotea, mluzi wa mwenzake ng'ambo ya korongo, sauti ya fisi karibu na zizi, vyote hivyo ni habari, naye habari hazimfikii.

Cha kusikitisha ni kwamba ugonjwa huu haukuanza na mahitaji makubwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuhudumia watoto wagonjwa unaeleza wazi. Usaha uliotoka kwa siku 14 au zaidi ni maambukizi sugu: sikio likaushwe kwa utambi wa kitambaa safi kinachofyonza, ubadilishwe hadi utoke mkavu, kisha yatiwe matone ya antibiotiki ya kundi la kwinoloni mara tatu kwa siku kwa wiki mbili. Kukiwa na uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, mtoto apewe dozi ya kwanza ya antibiotiki na kupewa rufaa ya haraka, kwa kuwa maambukizi yamekwisha kuingia mfupani na jirani ya mfupa huo ni ubongo. Kazi hiyo tabibu wa zahanati anaiweza. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumfundisha, otoskopu ya kuchungulia, na chupa ya matone rafuni.

Hapo ndipo safari ya kazi ya bingwa inapoingia. Safari hiyo ni ndefu. Baada ya masomo ya sayansi ya sekondari, kijana husoma udaktari kwa miaka 5, hufanya kazi kwa vitendo chini ya uangalizi kwa mwaka 1, kisha hutumikia hospitalini kabla ya kurudi chuoni kwa shahada ya uzamili kwa miaka mitatu hadi minne. Anapoitwa bingwa, amekwisha kupita umri wa miaka 30, na wenzake wa darasa la saba wana watoto wanaokaribia kumaliza shule. Wengi wanaochagua fani hii huichagua kwa kuchelewa, kwa sababu katika masomo ya awali hupewa wiki chache tu. Ni fani isiyo na sifa za moyo wala ubongo, na ndugu kijijini huuliza kama kweli mtu anaweza kusoma miaka yote hiyo kwa ajili ya nta ya masikio.

Lakini kazi yenyewe ni pana kuliko jina lake. Asubuhi bingwa hutoa shanga katika pua ya mtoto na punje ya mahindi katika sikio la mwingine. Mchana hukata mafindofindo na nyama za pua zinazomkosesha mtoto usingizi. Usiku huamshwa kwa ajili ya mtoto aliyevuta karanga hadi kwenye njia ya hewa, na dakika chache za mkono mtulivu huamua kama mama atarudi nyumbani na mwanawe. Huwatibu pia wagonjwa wa saratani ya koo, ambao wengi hufika wakati sauti imekwisha kukauka kwa miezi mingi. Na tangu mwaka 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili hupandikiza vifaa vya usikivu katika sikio la ndani, huduma ambayo kabla ya hapo Watanzania waliifuata nje ya nchi, hasa India.

Mafanikio hayo ni ya kujivunia, na yeyote aliyemwona mtoto akigeuka kwa mara ya kwanza kuitafuta sauti ya mama yake hatayadharau. Hata hivyo hayawezi kuwa kipimo pekee. Ripoti ya dunia kuhusu usikivu iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 ilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.5 wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na kwamba milioni 430 kati yao wanahitaji huduma. Ilieleza pia kwamba karibu asilimia 60 ya upungufu wa usikivu kwa watoto hutokana na sababu zinazozuilika, na kwamba takriban asilimia 78 ya nchi za kipato cha chini zina bingwa pungufu ya mmoja kwa kila watu milioni. Uchache wa namna hiyo hauwezi kuponywa kwa kusubiri wagonjwa wafike mjini.

Wapo watakaosema kwamba mabingwa ni wachache mno kuwatoa hospitali kubwa. Hoja hiyo ina uzito. Bingwa akihamishiwa moja kwa moja mahali pasipo na hadubini ya upasuaji, chumba cha kupima usikivu wala mtaalamu wa usingizi, mikono yake itasahau ilichojifunza, na wagonjwa wa saratani waliokuwa wakimsubiri watapata hasara. Lakini hakuna anayedai kwamba bingwa ahamie Oloipiri. Kinachodaiwa ni kwamba ajulikane Oloipiri. Kampeni ya kupeleka madaktari bingwa katika hospitali za halmashauri iliyoanza mwaka 2024 imekwisha kuonyesha kwamba jambo hilo linawezekana.

Ili ziara ya namna hiyo isiwe tukio la kupigwa picha, mambo manne yanahitajika. La kwanza ni kalenda: tarehe zijulikane mapema na zirudi kila mwaka, ili tabibu aandikishe wagonjwa na mfugaji ajue kama mifugo itakuwa karibu au mbali. La pili ni mafunzo: bingwa akiacha nyuma yake watumishi ishirini wanaojua kutazama kiwambo na kukausha sikio, amefanya kazi kubwa kuliko upasuaji wa wiki nzima. La tatu ni kuwapeleka wanafunzi wa uzamili, wajifunze tangu mapema kwamba ugonjwa huanzia mbali na hospitali. La nne, ambalo huzungumzwa kwa sauti ya chini, ni cheo. Machapisho humpandisha mhadhiri daraja, na kliniki ya jioni mjini humwongezea kipato; wiki mbili za vumbi la Loliondo hazimpi kimojawapo. Chuo kinachotaka mabingwa wake wafike mbali kizihesabu wiki hizo katika kuwapandisha daraja.

Kufika peke yake hakutoshi pasipo kuaminiwa. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka pande zote za nchi na nje yake walivumilia barabara mbovu za Ngorongoro hadi Samunge, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, kunywa kikombe cha dawa. Lolote lisemwalo kuhusu kikombe kile, watu walithibitisha kwamba umbali hauwazuii wanapoamini watasikilizwa. Daktari anayefika bomani akaanza kwa kukemea hatasikilizwa. Kwa mfano, zipo jamii nyingi nchini zinazoamini kwamba kikohozi cha mtoto hutokana na kimeo kirefu, na hukikata kwa kisu. Ukataji huo huleta damu nyingi, maambukizi, pepopunda, na wakati mwingine kifo, huku nimonia iliyokuwa chanzo cha kikohozi ikiendelea bila dawa. Desturi hiyo haitaachwa kwa bango. Itaachwa pale bingwa atakapoketi na malaigwanani na akina bibi, akiwa na mkalimani wa Kimaasai anayeheshimika, na kutofautisha mila yenye madhara na isiyo na madhara. Ndewe iliyotobolewa na kupambwa haimzuii mtu kusikia. Kimeo kilichokatwa kinaweza kumuua mtoto. Atakayelisema la kwanza kwa haki ataaminiwa katika la pili.

Kwa mgonjwa na mzazi, yako yaliyo mikononi mwao hata leo. Sikio linalotoa usaha halihitaji mafuta, maji ya majani wala njiti. Linahitaji kukaushwa na kutazamwa. Mtoto asiyegeuka anapoitwa apelekwe kupimwa, asichapwe. Chanjo zisikosekane, kwa kuwa surua na rubella ni miongoni mwa magonjwa yanayoondoka na usikivu. Sauti iliyokauka kwa zaidi ya wiki tatu ichunguzwe. Kwa mtumishi wa zahanati, kila mtoto mwenye homa atazamwe masikio, hata kama mama hakuyataja.

Siku moja daktari kijana atamaliza shahada yake ya uzamili na kujiuliza afanye kazi wapi. Jibu linaweza kuwa Dar es Salaam, Moshi au Mwanza, na hakuna lawama katika hilo. Lakini atakapostaafu, hesabu yake ya kweli itakuwa katika vitabu vya wagonjwa vya zahanati ambazo hakuwahi kulala: mistari ya watoto walioandikwa "usaha sikioni", na mbele ya kila mstari, kwa mwandiko wa tabibu aliyemfundisha, maneno mawili: sikio kavu.