Hiyo Alama ya Kuuliza Inauliza Nini?

Ndugu zangu, mnisamehe kwa ukimya. Wiki iliyopita nilikuwa Bonga kwa mama mdogo. Kwa msiopafahamu, ukitoka Babati mjini ukashika lami ya Kondoa na Dodoma, ni mwendo wa kilomita kama 19 tu. Nilienda kupumzika, nimerudi na hasira.

Mama mdogo ana miaka 47. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na sasa anasomea shahada, historia ikiwemo. Mchana chaki, jioni ng'ombe na jiko, usiku ndio vitabu. Chuo chake sitakitaja, maana ugonjwa ninaotaka kuusema si wa chuo kimoja.

Jioni moja akaniletea insha yake iliyosahihishwa. Ilihusu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Humo ndani alikuwa ameandika jambo alilosimuliwa na bibi, yaani mama yake mzazi: jinsi walivyoacha shamba la karibu na zizi, lililokuwa limekula samadi miaka mingi, wakaanza upya kwenye kiwanja kitupu. Mimi nikasema moyoni, hii ndiyo historia!

Juu kwa wino mwekundu: C. Chini yake neno moja la Kiingereza, maana yake "hafifu". Na pembeni ya kisa cha bibi, alama ya kuuliza. Basi.

"Mwanangu, wewe ni mwandishi," akaniambia. "Hiyo alama ya kuuliza inauliza nini?"

Nikashindwa kumjibu. Labda mwalimu haamini maneno ya bibi. Labda Kiingereza cha sentensi ile hakikueleweka. Labda haoni kisa kinavyojibu swali. Hayo ni makosa matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake. Sasa mtu ameze dawa ipi?

Mama mdogo akachagua ya kwake. Insha iliyofuata hakumtaja bibi wala Bonga. Akanakili notsi za darasani neno kwa neno. Akapata B, na safari hii hakuandikiwa hata neno moja. Ndugu zangu, hapo ndipo hasira iliponishika. Mtu mzima amelipa ada yake ili ajifunze kuficha anachokijua!

Halafu hili la kumtumia bibi si jambo geni. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwahoji wazee kuhusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Wakina John Iliffe na Gilbert Gwassa waliisimamia kazi hiyo, na historia ya Maji Maji tunayoisoma leo imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya maneno ya wazee wale. Kwa hiyo bibi ni chanzo halali. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mama mdogo: "Hapa pazuri. Ila mlinganishe bibi na shahidi mwingine, kisha uniambie kisa hiki kinathibitisha nini." Sentensi mbili tu!

Nchi hii imewaita watu wazima darasani siku nyingi. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka wanaotoka kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu. Mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria (cha mama mdogo ni kingine). Mlango tumeufungua. Lakini mwanafunzi wa namna hii hakai bwenini, hana wenzake wa kubishana nao usiku. Maneno ya pembeni mwa insha ndiyo mazungumzo pekee anayopata na mwalimu wake.

Najua utaniambia mhadhiri ana insha mia tatu mezani. Ni kweli, nina rafiki zangu wanaofundisha na nawaonea huruma. Lakini makosa ya insha mia tatu hayazidi kumi. Yaandike mara moja kwenye karatasi, wagawie wote. Kisha kwa kila mmoja andika kipi kimefaa, wapi pamevunjika, na afanye nini safari ijayo.

Mhariri wangu wa kwanza alikuwa akinirudishia habari na maneno mawili tu: "Nani kasema?" Yalinikera, lakini yalinifundisha kazi. Mekundu hayo nayo, ila yalijua yanachouliza.

Nasi wanafunzi tuna lawama. Wangapi tunaangalia herufi ya juu, tunakunja karatasi, tunaondoka? Nilimshauri mama mdogo ampigie mwalimu wake simu amuulize. Akakataa. Anaona haya, maana mwalimu mwenyewe ni kijana wa rika la mwanaye.

Basi nyie vijana wenzangu mnaofundisha vyuoni, msingoje awapigie. Hatapiga. Ataendelea kumfuta bibi yake kwenye insha, nanyi mtaendelea kumpa B.

Naomba kuwasilisha.