Usiipite tu Kavumu
Kabla waasi wa M23 hawajauteka uwanja wa ndege wa Kavumu, mashariki mwa Kongo, Februari 2025, wageni tulikuwa na mtindo mmoja: begi, gari, moja kwa moja Bukavu. Kilomita 30 hivi, vioo juu. Safari moja nilishuka sokoni nikanunua sambaza, wale samaki wadogo, wa kukaanga. Muuzaji aliwafunga kwa karatasi ya daftari; chini ya mafuta, hesabu za mtoto zilikuwa bado zinasomeka. Saba mara nane alikuwa amekosea.

"Papa, kula vile ziko moto," akaniambia.

Upande wa magharibi mlima Kahuzi, mita 3,308, ulikuwa umejifunika ukungu. Kila mgeni huulizia gorila. Sawa, hifadhi ya mlima huo, ya mwaka 1970, iliwekwa kwa ajili yao. Ila Watwa, wenyeji wa msitu wa hifadhi hiyo, walifukuzwa humo bila fidia, na wengi wao sasa ni vibarua kwenye mashamba ya watu. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikwisha kutamka, uamuzi ukatangazwa 2024, kwamba warudishiwe ardhi yao.

Barabara ikitulia, nenda. Lakini kabla hujalipia gorila, uliza Watwa wanapata nini.