Picha bila maneno haziwafaidi wapigapicha mtandaoni

WAPIGAPICHA wengi wanaofungua tovuti za kuonyesha kazi zao hutarajia kwamba matangazo ya kibiashara yatalipia gharama ya mtandao na kuwabakishia faida. Aghalabu matumaini hayo huambulia patupu.

Sababu si ubovu wa picha. Utaratibu wa kulinganisha matangazo na yaliyomo kwenye ukurasa, ambao Google iliueneza kupitia AdSense kuanzia 2003, ulibuniwa kwa ajili ya maandishi. Mtambo husoma maneno, hukisia mada, kisha humtafuta mtangazaji anayehusika nayo. Ukurasa wenye picha 40 za harusi, kila moja ikiwa na nambari tu iliyotolewa na kamera, hauna chochote cha kusomwa. Hivyo basi hupachikwa matangazo yasiyomhusu mgeni ndewe wala sikio.

Isitoshe, mtazamaji wa picha ana pupa. Hubofya moja, akaenda kwa nyingine, macho yakiwa katikati ya ukurasa. Kurasa hufunguliwa kwa wingi ilhali mapato ni haba, na Google haitoi malipo hadi akaunti ifikishe dola 100.

Uhaba huo ndio uliozaa ujanja. Baadhi ya wenye tovuti walipanga picha ndogo sambamba na matangazo, kila picha na tangazo lake, ili mgeni adhani vitu hivyo viwili ni kimoja. Desemba 2006, Google iliutangaza mpangilio huo kuwa kinyume cha kanuni zake. Ilifanya vyema, kwani aliyegharimia mibofyo hiyo ni mfanyabiashara aliyeletewa watu wasio na haja naye.

Njia halali ni kuandika maelezo. Picha ya nyumbu wakivuka Mto Mara, ikitajiwa mahali, msimu na namna ya kufika, yaweza kuvuta matangazo ya hoteli na kampuni za utalii. Hata hivyo, maneno nayo yana hatari zake. Picha za ajali ya basi zaweza kuvuta tangazo la tiketi za basi, kwa kuwa mtambo hutambua neno kabla ya kutambua msiba. Mwenye tovuti anaweza kuzuia aina fulani za matangazo, lakini ni lazima awe ameketi akawaza mapema.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ya walio ndani ya picha. Maelezo yanayompa mtangazaji mwelekeo ndiyo hayo hayo yanayomtambulisha bi harusi, kanisa na mtaa wake. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinakataza kutumia data ya mtu kwa biashara bila idhini yake ya wazi, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza klabu moja ya Nairobi faini ya Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja Sh4.55 milioni kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziidhinisha.

Google nayo imebadilika. Tangu 2009 matangazo yake yamekuwa pia yakifuata mambo anayoyapenda mtazamaji, si ukurasa peke yake. Aidha, Novemba 2023 ilitangaza kwamba AdSense ingeanza kulipa kwa idadi ya mara tangazo linapoonyeshwa, badala ya mibofyo. Kwa tovuti za picha hiyo ni nafuu, lakini pia ni kishawishi cha kuweka picha moja kwa kila ukurasa na kuanika kila uso uliopatikana.

Mpigapicha aliyelipwa na maharusi kisha akaweka matangazo kando ya picha zao anapata kipato cha pili kutokana na nyuso zilezile. Ikiwa mkataba wao haukutaja jambo hilo, itakuwa vigumu kwake kudai kwamba alipewa idhini, na wageni waliohudhuria hawakutia saini mkataba wowote.