Aliyezaa, Naye ni Mwanafunzi

Duniani leo kuna watoto na vijana zaidi ya milioni 250 wasiosoma, kwa hesabu ya UNESCO. Wengine wamezuiwa na vita, wengine na ufukara. Huko Afghanistan watawala wamewafungia wasichana milango ya sekondari tangu mwaka 2021. Binti akimaliza darasa la sita, basi. Tukisikia habari hizo twatikisa vichwa na kuwalaani watu wa mbali. Ni haki kuwalaani. Lakini, wazazi wenzangu wa Tanzania, tutupe jicho na uani kwetu.

Sisi nasi kwa miaka mingi tulikuwa na wasichana tuliowafukuza shule mchana kweupe: walioshika mimba. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kuondolewa kwa kosa la maadili, na mimba ikahesabiwa humo. Zipo shule zilizowapanga wasichana mstari wakapimwa, wengine kwa kubonyezwa tumbo tu. Juni 2017 Rais John Magufuli, akiwa Chalinze, alitamka kwamba katika utawala wake aliyezaa hatarudi shuleni. Wakati huo Kenya ilikwisha kuwa na mwongozo wa kuwarudisha tangu 1994, na Zanzibar, iliyo ndani ya Muungano huu huu, tangu 2010. Ikawa binti wa Unguja akijifungua anarudi darasani, na wa Bagamoyo, ng'ambo tu ya maji, anabaki jikoni.

Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kuwa zuio limeondolewa, na waraka ukapelekwa mashuleni. Serikali haimzuii tena binti aliyezaa. Anayemzuia sasa ni nani, kama si sisi?

Tazameni inavyokuwa. Binti wa kidato cha pili amejifungua, mtoto ana miezi mitano. Shule ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Sketi ya zamani haifungi kiunoni, na ya kushonesha ni pesa. Akienda, ikifika saa nne asubuhi maziwa yamemjaa, yanalowesha shati jeupe mbele ya wavulana, naye hujiziba kwa daftari mpaka kengele ilie. Jioni anakuta ndoo tupu, mtoto analia, bibi mtu amechoka na hafichi kwamba amechoka. Na mwalimu, ambaye angemtia moyo, anamwita "mama nanihii", darasa zima likaangua kicheko. Binti huyo hahitaji askari wa kumfukuza. Wiki ya tatu haendi tena, nasi tunasema: si tulijua, huyu keshapenda utu uzima.

Na baba wa mtoto je? Akiwa ni mwanafunzi mwenzake, mara nyingi amehamishiwa shule nyingine na anaendelea na masomo yake. Akiwa ni mtu mzima, sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 inasema afungwe miaka 30. Miaka 30! Lakini wazee hukaa kikao usiku, ng'ombe wawili hutolewa, binti hufundishwa kusema hamjui aliyempa mimba, na kesi inakufa polisi. Mzazi anayepokea ng'ombe hao ameuza masomo ya mwanawe, na alaumiwe kwa hilo bila kupakwa mafuta.

Wapo wanaosema, tena kwa nia njema, kwamba akirudi atawaharibu wenzake. Siioni hoja hiyo inaposimama. Kumwona mwenzako akisinzia kwenye hesabu kwa kuwa mtoto amelia usiku kucha, akitoka mbio saa ya mapumziko kwenda kunyonyesha, hicho ni kishawishi gani? Atakayejifunza kitu hapo atajifunza kujihadhari. Na tusijidanganye kuwa ni wachache. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 22 walikwisha kushika mimba. Hawakuwa wanafunzi wote hao, ni kweli. Wengi walikwisha kuacha shule. Lakini taifa haliwezi kuwatupa hata hao waliokuwa darasani kisha likajisifu kwamba elimu ni bila ada.

Vyuo vya maendeleo ya wananchi na vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima huwapokea waliopitwa na umri, na vipo vyuo vyenye mahali pa kulelea watoto. Ni jambo jema. Ila mkuu wa shule asikitumie chuo kuwa kisingizio cha kumtoa langoni binti wa miaka 16 anayetaka kukaa kwenye dawati lake.

Basi, bibi na shangazi, pokeeni mtoto asubuhi. Baba, shonesha sketi. Mwalimu, mwite kwa jina lake. Na wewe mwenye binti aliyekaa nyumbani, usingoje kuitwa: kabla shule hazijafunguliwa Januari mpeleke kwa mkuu wa shule. Akikataliwa, nenda kwa afisa elimu kata, kisha wilaya. Unaomruhusu kurudi ni Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka 2021. Utaje kwa namba.