Diski Zinazooza na Ushahidi wa Wazee wa Kimulot

Kuna dhana iliyokita mizizi miongoni mwetu kwamba kitu kikishatiwa katika sidii kimehifadhika milele. Dhana hii ilienezwa na wauzaji tangu mwaka 1982, kampuni za Philips na Sony zilipoiingiza sidii sokoni, nasi wasomi tukaipokea bila kuihoji. Matokeo yake yanaonekana leo Kimulot, katika eneo la Konoin, Kaunti ya Bomet, kule ambako majani ya chai yametanda hadi ukingo wa msitu wa Mau. Katika makabati ya walimu wakuu, chini ya vitanda na juu ya dari za nyumba, zimerundikana sidii na dividii za tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zina arusi na mazishi, zina tamasha za muziki za shule, na baadhi yake zina sauti za wazee wakieleza jinsi jamii yao ilivyoondolewa katika ardhi. Siku hizi diski hizo zinatupwa, kwa madai kwamba zimeharibika na kwamba, hata zingekuwa nzima, hakuna tena mashine ya kuzichezea. Nashika kalamu kuipinga desturi hiyo.

Nianze na ardhi, maana ndiyo inayolifanya jambo hili kuwa zito. Sehemu kubwa ya ardhi yenye rutuba ya Wakipsigis ilitwaliwa na serikali ya kikoloni ikapewa walowezi na makampuni ya chai. Mwaka 1934 ilipitishwa sheria mahsusi ya kuuondoa ukoo wa Talai, nao wakahamishiwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, mahali palipokuwa na mbung'o na malaria. Madai ya watu wa Kericho na Bomet yalifika mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka 2013. Yakafika mbele ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi, iliyotoa uamuzi mwaka 2019. Na mwezi Agosti mwaka 2022 yakapelekwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya dhidi ya Uingereza. Katika safari hiyo ndefu wajukuu, walimu na watu wa makanisa waliwarekodi wazee kwa kamera za kuazima. Waliorekodiwa walikuwa na umri wa miaka themanini na zaidi. Wengi wao hawapo tena.

Bila shaka atatokea wa kuniuliza: kwani maneno yao hayakuandikwa? Yaliandikwa, naam, lakini hapa ndipo taaluma yangu inaponilazimu kusema. Kikalenjin, ambacho Kikipsigis ni tawi lake, ni lugha ya toni. Katika sentensi yake ya kawaida kitenzi hutangulia, kisha hufuata nomino, na mtenda hutofautishwa na mtendwa kwa kupanda na kushuka kwa sauti katika nomino yenyewe. Mpangilio wa maneno husaidia, lakini msemaji aweza kuugeuza, nayo toni ikabaki kuwa shahidi wa pekee wa nani aliyetenda na nani aliyetendwa. Maandishi ya kawaida ya lugha hii, tuliyoyarithi kwa wamishonari, hayaonyeshi toni hata chembe. Hayati Dkt. Taaitta Toweett alilishughulikia suala la muundo wa lugha hii katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu isimu ya Kikalenjin, na kila mwanafunzi wangu aliyejaribu kunakili simulizi za wazee anajua jinsi karatasi inavyonyamaza pale sauti inaposema. Sasa fikiri juu ya ushahidi ambao kiini chake ni nani aliyemfukuza nani, na nani aliyeichoma nyumba ya nani. Tafsiri ya Kiingereza iliyomo katika faili ya wakili imeshamwamulia msomaji. Anayetaka kuihakiki hana budi kuirudia sauti.

Sauti ikitunzwa, huweza kuishi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika nchi hii hii ya Wakipsigis, akawarekodi wasichana wakiimba wimbo wa Chemirocha. Jina hilo ni la mwimbaji Mmarekani Jimmie Rodgers, aliyefariki mwaka 1933, likiwa limekunjwa na ndimi za Kikipsigis. Na katika wimbo huo Chemirocha ni kiumbe nusu mtu, nusu mnyama. Rekodi hiyo ilihifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoianzisha Tracey mwaka 1954 na ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Katika miaka ya 2010 nakala zilirudishwa kwa wenyewe. Jambo la kushangaza, na la kuudhi pia, ni kwamba wimbo wa mwaka 1950 ungali unasikika vizuri, ilhali ushahidi wa mzee uliorekodiwa mwaka 2006 unasemekana kuwa umekufa. Tofauti ni kwamba wimbo uliwekwa mahali makini, ukanakiliwa kila teknolojia ilipobadilika.

Lakini je, umekufa kweli? Hapa inafaa tuijue diski yenyewe.

Sidii ni kipande cha plastiki angavu chenye unene wa milimita 1.2. Data imo katika mstari mmoja unaojizungusha kutoka katikati kwenda nje, mizunguko yake ikiachana kwa mikromita 1.6 tu, na mstari huo ukinyoshwa hupita kilomita tano. Juu ya data kuna utando wa madini unaorudisha mwanga wa leza, na juu ya utando huo kuna rangi nyembamba ya kuukinga. Ndiyo kusema kwamba upande ulio hatarini zaidi katika sidii ni ule wa juu, wenye maandishi, ambao sisi huulaza mezani bila wasiwasi na kuuandika kwa kalamu ya wino mkali. Mkwaruzo wa upande wa chini huupotosha mwanga tu. Wa juu huing'oa data yenyewe. Dividii ni tofauti kidogo: ni vipande viwili vyembamba vilivyogandishwa kwa gundi, data ikiwa katikati, na adui yake mkubwa ni unyevu unaopenya ukingoni na kuiachanisha gundi. Diski zile za kurekodia nyumbani zina udhaifu mwingine tena, kwani data yake imeandikwa katika rangi ya kikemikali inayofifishwa na jua, joto na unyevu. Na Kimulot ni nchi ya mvua; chai haioti palipo pakavu. Hata kuvu si mzaha: mwaka 2001 wanasayansi wa Uhispania walieleza jinsi aina ya kuvu ilivyoitafuna sidii iliyotoka Belize.

Pamoja na hayo yote, diski imejengwa ili isamehe. Mwaka 1960 Wamarekani wawili, Irving Reed na Gustave Solomon, walivumbua njia ya kihisabati ya kuongeza tarakimu za ziada kwenye ujumbe ili sehemu iliyopotea iweze kukokotolewa kutokana na iliyobaki. Sidii inatumia njia hiyo, tena data huwa imechanganywa na kutawanywa, kiasi kwamba pengo la milimita mbili hivi katika mstari hujazwa bila msikilizaji kutambua. Ndiyo sababu diski hupanguswa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, wala si kwa kuzungusha: mkwaruzo unaoukata mstari husameheka, unaoufuata hausameheki. Kuhusu dawa ya meno, ambayo kila kijana wa duka la video ameshaipendekeza, ni changarawe laini tu. Huenda ikalainisha mkwaruzo mdogo wa upande wa chini, na huenda ikaongeza mingine mia. Katika diski yenye sauti ya marehemu hiyo ni kamari, na isichezwe kabla ya kunakili kila kinachonakilika.

Kunakili kwenyewe kunahitaji subira kuliko fedha. Tarakilishi ya kawaida ikikutana na sekta mbovu, hung'ang'ana nayo, kisha hukata tamaa na kutangaza kwamba diski haisomeki. Programu iitwayo ddrescue, inayopatikana bure, hufuata hekima tofauti. Huyachukua kwanza yaliyo mazima, huyaruka mabovu, huandika katika daftari lake ni wapi palipobaki, kisha huyarudia mara nyingi. Diski yaweza kuhamishiwa katika kisomaji kingine, kazi ikaendelea pale ilipoachwa; na visomaji havilingani, kinachoshindwa na hiki husomwa na kile. Picha ya video katika dividii nayo ina bahati yake. Imegawanywa katika vifurushi vidogo vinavyojitegemea, na takriban kila nusu sekunde picha nzima huanza upya, hivi kwamba sekta kadhaa zikipotea, picha huvurugika kwa kitambo kidogo, kisha msemaji hurejea akiendelea na maneno yake.

Mwalimu mmoja wa Kimulot aliniletea dividii ndogo ya sentimita nane, ile iliyokuwa ikiingizwa moja kwa moja ndani ya kamera. Fundi wa mjini alikuwa amemwambia kwamba ni tupu, aitupe. Haikuwa tupu, haikuwa imefungwa. Kamera zile zilitaka mtumiaji aifunge diski baada ya kurekodi, yaani iandikiwe orodha ya yaliyomo, la sivyo deki nyingine yoyote huiona kama diski isiyo na kitu. Yafaa ifungwe katika kamera ile ile iliyorekodi. Hiyo ya Kimulot kamera yake ilikwisha kuharibika, lakini kisomaji cha tatu tulichokijaribu kilikubali kusoma sekta zilizoandikwa. Kati ya dakika thelathini tulipata ishirini na sita. Ndani yake kogo mmoja anataja, kimoja baada ya kingine, vijito na mahali pa ng'ombe kulamba chumvi, majina ya ardhi ambayo sasa imo ndani ya mashamba ya chai na kuitwa kwa majina mengine. Dakika nne zilizopotea zimo katikati ya orodha hiyo. Sijui ni dividii ngapi za namna hiyo zimeshaishia katika mashimo ya takataka kwa kudhaniwa kuwa tupu.

Nisiwasute watu wa vijijini peke yao. Katika vyuo vyetu vikuu mwanafunzi hutakiwa aambatanishe sidii na tasnifu yake. Hutiwa katika kibahasha nyuma ya jalada, ikapigwa muhuri, na kwa kawaida hakuna anayeifungua tena. Niliwahi kuziomba sidii za tasnifu kumi na mbili za isimu katika maktaba moja ambayo sitaitaja. Tano hazikusomeka, mbili hazikuwamo katika vibahasha vyake, na mhudumu alinishangaa kwa kuzitaka. Kati ya hizo tano zimo sauti za wasimulizi wa ngano ambao hakuna rekodi yao nyingine ninayoijua. Tasnifu ilipata alama, mwanafunzi akapata shahada, msimulizi hakupata hata nakala. Idara ya lugha inayopokea tasnifu bila kuhakikisha kwamba rekodi zake zimenakiliwa mahali pawili haina uso wa kumlaumu mwanakijiji aliyetundika sidii shambani ili kutishia ndege.

Wapo wenzangu wanaosema kwamba kazi hii ni ya Hifadhi ya Nyaraka ya Kitaifa, na kwamba sisi tungoje. Tunangoja nini, ilhali rangi ya diski hainga wala haingoji bajeti? Hakuna taasisi ya Nairobi itakayokwenda nyumba kwa nyumba Mogogosiek na Kimulot. Shule zipo. Shule nyingi za upili zina tarakilishi, zina vijana wenye mikono mepesi, na zina mwalimu ambaye wazazi humwamini kumkabidhi diski ya mazishi ya baba yao. Kinachokosekana ni kisomaji cha nje cha diski, maana tarakilishi za leo hazina tena, pamoja na diski kuu mbili za kuhifadhia nakala, moja ikae shuleni na nyingine mbali na shule. Fauka ya hayo, mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 unataka lugha za kiasili zifundishwe katika madarasa ya chini. Mwalimu wa Kikalenjin analalamika kwamba hana nyenzo za kusikiliza, huku nyenzo zikiozea katika kabati la ofisi ya jirani yake.

Lipo swali moja gumu ambalo wapenda teknolojia hulikwepa, nalo ni la wenye mali. Si kila lililorekodiwa ni la kusambazwa. Katika baadhi ya diski hizo yamo mambo ya jandoni yasiyotazamwa na kila mtu, na yamo maneno ya mzee aliyemtaja jirani kwa ubaya. Mwanafunzi anayeokoa diski asiitie picha yake katika simu na kuituma kwa marafiki. Familia ya msemaji iulizwe, majibu yake yaandikwe, na nakala ya kwanza irudi kwao. Sheria tunayo: ile ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inazipa serikali za kaunti jukumu la kukusanya na kusajili amali hizo katika maeneo yao. Kwa hiyo ombi langu kwa Kaunti ya Bomet si jengo la makumbusho lenye utepe wa kukatwa. Ni visomaji vichache kwa kila wadi, na afisa mmoja wa utamaduni atakayepita shuleni wakati wa likizo ya Desemba, akiwa na kitabu cha kuandikia ni diski ya nani, ilirekodiwa lini, na mwenyewe amekubali isikizwe na nani.