Tarakilishi haitibiwi kwa ramli

Mpwa wangu, kijana aliyehitimu kidato cha nne, alinijia nyumbani Jumamosi moja jioni akiwa amelikumbatia sanduku kifuani mithili ya mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Ndani mwake mlikuwa na tarakilishi aliyoiunda kwa mikono yake mwenyewe. Fedha za kununulia vipande vyake zilitokana na kuku na sungura aliowafuga kwa miaka miwili, pamoja na kibarua cha likizo katika kinu cha kusagia mahindi. Kichakataji kilikuwa Ryzen 5 5600G, na kadi ya michoro ilikuwa Radeon RX 6600 yenye gigabaiti 8. Vifaa ambavyo, kwa mchezo wa kandanda alioupenda, vilipaswa kutosha na kusaza. Walakini mchezo ulikuwa ukikwamakwama. Mshambuliaji hupiga mpira, kipa akaonekana angali amesimama, kisha ghafla bao limekwisha kuingia.

"Mjomba," akaniambia, "fundi wa mjini amesema kadi imekufa."

Fundi huyo, ambaye sitamtaja, alikuwa ameitazama mashine kwa muda usiotosha hata kunywa kikombe cha chai. Hakuifungua. Alitikisa kichwa, akatoa hukumu, kisha kwa huruma zake akajitolea kuinunua hiyo maiti kwa robo ya bei aliyoitoa kijana. Naye baba mtu, ambaye tangu hapo aliyahesabu mambo ya michezo kuwa upuuzi, alikuwa amekwisha kuamuru vitu vyote viuzwe na fedha zitakazopatikana ziende kwenye karo ya chuo.

Mimi si fundi, ni mwalimu tu. Lakini swali moja lilinikera: ni maiti gani hiyo yenye mnunuzi?

Tuliketi. Nilimwomba atafute daftari na kalamu kabla ya bisibisi. Tukakubaliana kwamba tutabadilisha jambo moja tu kwa wakati, na kila badiliko tutalipima na kuliandika. Mtu akibadilisha mambo manne kwa mpigo na mashine ikapona, hajui kilichoiponya. Ikizidi kuugua, hajui kilichoizidishia ugonjwa. Kipimo chetu kilikuwa idadi ya picha zinazochorwa kwa sekunde moja. Mchezo huonekana laini picha zinapofika 60 hivi, yaani kila picha ichorwe kwa muda usiofika hata milisekunde 17. Sisi tulipata 20 na ushei.

Kisha tuliufungua ukurasa wa Windows unaoonyesha ni kifaa gani kinafanya kazi na kipi kimestarehe, huku mchezo ukiendelea. Kadi ya michoro ilikuwa haifanyi lolote. Kijana akainamisha kichwa: kumbe fundi alisema kweli! Nikamwuliza, imekufa au imelala? Kwani Windows ilikuwa imeiorodhesha kwa jina lake kamili, na mfu haitikii jina lake.

Tukaigeuza mashine. Nyuma yake mna matundu mawili ya kuchomekea waya wa kiwambo, yanayofanana kama pacha: moja juu, kwenye bodi mama, na jingine chini, kwenye kadi yenyewe. Waya ulikuwa juu. Kichakataji cha aina ile kina uwezo mdogo wa kuchora picha, nacho kilikuwa kimebebeshwa mzigo wote peke yake, ilhali kadi iliyogharimu sungura chungu nzima imekaa bure. Hili ni kosa la kawaida mno kwa wanaounda tarakilishi kwa mara ya kwanza, na ubaya wake ni kwamba halijitangazi. Laiti kichakataji kingekuwa Ryzen 5 5600 isiyo na herufi G mwishoni, ambayo haina uwezo wowote wa kuchora, kiwambo kingebaki cheusi na kosa lingejulikana siku ile ile.

Tuliuhamisha waya, picha zikapanda mara moja hadi 60, zikakaa pale pale kana kwamba zimefungwa kamba. Na kweli zilikuwa zimefungwa. Kiwambo kiliweza kubadilisha picha mara 144 kwa sekunde, lakini Windows ilikuwa imekiacha kwenye 60, na mchezo ukafuata. Tuliisahihisha hesabu hiyo, kamba ikafunguka.

Hapo wengi wangekunja jamvi. Kijana, ambaye sasa alikuwa amenogewa, alikataa. Mchezo ulikuwa bado ukijikwaa hapa na pale, hasa uwanja unapojaa watu. Tukafungua kifuniko. Vipande viwili vya kumbukumbu vilikuwa vimepangwa bega kwa bega katika nafasi ya kwanza na ya pili. Kwa bodi nyingi zenye nafasi nne, vipande viwili hukaa katika nafasi ya pili na ya nne kuanzia upande wa kichakataji, ili data ipite katika njia mbili sambamba. Vikikaa vibaya, njia hubaki moja. Tulivihamisha, tukapima, tukaandika. Ndipo tukaingia katika BIOS na kukuta kumbukumbu iliyoandikwa 3200 ubavuni ikiendeshwa kwa 2133, kwa sababu bodi huanza na mwendo wa tahadhari hadi mwenyewe aagize vingine. Tukaagiza. Joto tulilipima vilevile, kwa kuwa kichakataji kikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi ili kisiungue, na wapo wanaosahau kubandua karatasi ya plastiki chini ya kipoza joto. Hilo halikuwa na kasoro, nalo tukaliandika.

Saa nne usiku mchezo ulikuwa ukiteleza kama mtumbwi. Hatukununua hata msumari.

Sasa ninawageukia walimu wenzangu. Kijana huyu alilisoma somo la tarakilishi shuleni. Angeweza kukutajia vizazi vya tarakilishi, na kukuchorea vijisanduku vya kichakataji na kumbukumbu pamoja na mishale yake. Mtihani wa vitendo wa KCSE umekuwa ukimpima mtahiniwa kwa kupanga maandishi, kujaza majedwali na kuunda hifadhidata. Ni mambo ya maana, lakini hakuna hata moja linalomweka mbele ya mashine inayougua na kumwuliza: waanzia wapi? Ndiyo maana neno moja la fundi lilimtosha.

Nami sijitoi katika lawama. Miaka kadhaa iliyopita nilimpa mwanafunzi barua aje na mzazi kwa kosa la kufungua kifuniko cha mashine ya shule. Hakuwa ameharibu kitu. Alitaka kujua mbona inapiga kelele. Barua ile naikumbuka kuliko ninavyolikumbuka jina lake, na hilo si jambo la kujivunia.

Nitaambiwa kwamba umeme hauchezewi. Ni kweli. Waya wa umeme na uchomolewe kwanza, mkono uguse chuma cha sanduku kabla ya kugusa bodi, na kile kisanduku kinachogawa umeme kisifunguliwe kabisa, maana huweza kuhifadhi chaji hata baada ya kuchomolewa. Haya yanafunzika, kama tunavyofunza asidi katika maabara ya kemia. Nitaambiwa pia kwamba michezo hupoteza wakati wa masomo. Huenda, lakini barua hucharazwa sawasawa hata kwenye tarakilishi iliyopangwa ovyo, na mwandishi asijue kamwe kwamba kumbukumbu yake imekaa nafasi isiyofaa. Ni mchezo uliofichua makosa manne katika jioni moja.

Katika stoo ya shule yetu mna tarakilishi saba zilizobandikwa karatasi yenye neno "mbovu". Nani aliyezipima, na kwa kipimo gani, hakuna ajuaye. Nimemwandikia mwalimu mkuu kumwomba ufunguo, meza mbili na Ijumaa moja alasiri kila juma, pamoja na daftari la kurasa 200. Hajanijibu bado.